Nyumba C

Daktari Obadiah Muinde alipopanda Sagalla mara ya kwanza alikuja na magari mawili, mwanafunzi mmoja, bango la kusimamisha lenye picha yake mwenyewe, na katoni nne za maji ya chupa, kwa kuwa alikuwa ameambiwa kwamba huko mlimani maji ni shida. Katoni zile zilishuka Voi tupu na hakuna mwenyeji aliyeonja tone. Watu hawakusema neno. Watu wa Sagalla wana adabu, na adabu hiyo ndiyo iliyowaponza.

Alikuja kuchunguza stima. Si kuileta, ilikuwepo tayari, bali kuchunguza kwa nini ikifika huko juu inakuwa dhaifu. Everlyne, mwenye mashine ya kusaga mahindi, angeweza kumjibu akiwa amesimama mlangoni na ungo mkononi, lakini hakuulizwa. Aliulizwa tu kama kuna viti zaidi.

"Laini yenu ni ndefu," Daktari alieleza uani kwa Everlyne, akiwa ameigeukia kamera na si watu. "Inatoka kule chini, inapanda, inagawanyika, kila mtu anachota chake. Ikifika hapa, volteji imechoka. Chuo chetu kimeunda kifaa cha kuidhibiti. Tutakifunga katika nyumba tatu, tutakusanya data miezi minane, halafu dunia nzima itajua Sagalla."

"Dunia nzima!" alisema Sylus, mume wa Everlyne, akatazama huku na huko kuona ni nani mwingine aliyesikia.

Sylus alikuwa katibu wa kanisa na mwanachama wa kila kamati iliyokubali kuwa na yeye. Alipenda barua zenye mhuri, mikutano yenye chai, na watu wanaoitwa daktari, hata kama hawatibu. Fomu ya kukubali utafiti ilipotolewa, kurasa kumi na moja za Kiingereza ambacho hata wakili angekisoma kwa kupumzika njiani, aliifungua ukurasa wa mwisho moja kwa moja kama wafanyavyo wote. Mita ilikuwa kwa jina la Everlyne, kwa hiyo sahihi iliyotakiwa ilikuwa ya Everlyne. Sylus alitia ya kwake pembeni bila kuombwa.

Hivyo ndivyo kisanduku cha kijivu chenye taa ndogo ya kijani kilivyopigiliwa kwenye ukuta wa chumba cha mashine. Cha kwanza kilikuwa kwa Donald, mwalimu mkuu mstaafu, na hiyo ikaitwa Nyumba A. Cha pili kilikwenda kwenye duka la juu, Nyumba B. Everlyne akawa Nyumba C. Visanduku vilikuwa mapacha, rangi moja, taa moja. Sylus alikipangusa kila asubuhi kwa kitambaa kilichokuwa cha kupangusia Biblia.

*

Kabla ya kisanduku, Everlyne alikuwa na utaratibu wake. Juu ya mashine alikuwa amening'iniza balbu ya zamani, ile ya waya ndani, na kwa balbu hiyo aliisoma stima kama mpishi anavyousoma moto. Ikiwa nyeupe, alisaga. Ikianza kuwa ya manjano, alipunguza mahindi yanayoingia. Ikiwa nyekundu, alizima hapohapo, hata kama gunia liko nusu, akawaambia wanawake wakae nje wapige gumzo mpaka irudi. Alijua kwamba mota ikinyimwa stima haipumziki, inajikaza, inapata joto, na mwisho inajichoma yenyewe. Hakufundishwa na mtu. Kwa miaka sita mota ile haikuungua hata mara moja. Ndiyo iliyowalisha, na ndiyo iliyomweka binti yao Priscilla kidato cha tatu katika shule ya bweni Bura. Wateja nao walizoea. Mtu akifika na debe lake aliuliza kwanza, "Mama Priscilla, taa inasemaje?"

Wiki ya tano ya utafiti, Daktari Muinde alirudi akiwa amenuna. Alifungua kompyuta juu ya meza ya kupokelea mahindi, akamwita mwanafunzi wake. Huyo alikuwa Branice, msichana mpole aliyekuja kutoka Bungoma kusoma shahada ya uzamili, ambaye kazi zote za Daktari zilikuwa zake isipokuwa kuhutubia.

"Ona," Daktari alisema akigonga kioo kwa kalamu. "Kila volteji ikishuka, na mzigo wa mashine unapotea. Kila mara! Nyumba hii haijatupa tukio hata moja la maana. Nani anazima hii mashine?"

"Ni mimi," Everlyne alisema.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu balbu inakuwa nyekundu, Daktari."

Daktari alimtazama, akatazama juu, akaiona balbu. Alicheka. Kilikuwa kicheko cha mtu mzima aliyemkuta mtoto amevaa viatu vya babaye.

"Mama, unaniharibia data. Mimi nataka uishi maisha yako ya kawaida."

"Haya ndiyo ya kawaida."

"Hapana, hapana. Hii ni kubahatisha. Sayansi haifanyi kazi kwa rangi ya balbu." Akamtuma Branice garini, naye akarudi na balbu mpya ya kisasa ndani ya boksi. "Hii ni zawadi kutoka chuoni. Haili stima, na mwanga wake haubadiliki hata stima ikishuka vipi."

"Sasa nitajuaje kama imeshuka?"

"Si kisanduku kiko hapo?" alisema Daktari.

Ndivyo alivyosema, neno kwa neno, na mtu akitaka kumtetea atasema hakudanganya. Kweli, hakudanganya. Kisanduku kilikuwa hapo. Sylus alipanda kwenye stuli mwenyewe, akaichomoa balbu ya zamani, akaweka mpya, na chumba kizima kikawa cheupe kama hospitali. Balbu ya zamani aliitupa shimoni siku hiyohiyo, asije mgeni akaiona akadhani wao ni washamba. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini Everlyne aliambiwa asitazame, na kwa heshima ya wageni akakubali.

*

Mota iliungua Jumamosi moja, saa kumi na moja jioni.

Kulikuwa na msiba upande wa pili wa kilima, na Katuku, jirani aliyepewa jukumu la unga wa waombolezaji, alileta magunia mawili na haraka yake yote. Everlyne aliwasha. Mwanga ulikuwa mweupe, taa ya kijani ya kisanduku ilikuwa inapepesa kwa furaha, na unga ulikuwa unatoka. Baada ya robo saa alisikia mashine inanguruma chini kuliko kawaida. Mkono wake ulikwenda kwenye swichi wenyewe.

"Acha, bwana," Sylus alisema kutoka mlangoni. "Daktari amesema maisha ya kawaida. Unataka waje tena waseme tunawaharibia?"

"Haisikiki vizuri, Baba Priscilla."

"Wewe na chuo kikuu, nani anajua stima?"

Everlyne aliondoa mkono. Aliendelea kumimina mahindi dakika nyingine ishirini na tano, na kila dakika moja alitaka kuzima, na kila dakika aliona aibu. Kisha ikaja harufu ya rangi inayoungua, moshi mwembamba wa buluu, mlio kama wa mtu aliyekabwa, halafu kimya. Katuku alitoka mbio na ungo kichwani. Gunia la pili lilikuwa bado halijaguswa. Balbu iliendelea kuwaka nyeupe, na kisanduku kiliendelea kupepesa.

Jumatatu, Ooko, fundi wa mota aliyekuja kutoka Mwatate, aliifungua, akachungulia nyaya zilizokuwa nyeusi kama mkaa, akaifunika tena kwa upole, kama anayefunika maiti. "Imeungua yote. Hii si ya kufunga waya upya, mama. Hii ni ya kununua nyingine." Bei aliyoitaja ilimfanya Sylus atafute kiti.

"Lakini tulikuwa na kifaa," Sylus alisema. "Kifaa cha chuo kikuu."

Ooko alikitazama kisanduku, akafuata waya wake kwa kidole kutoka ukutani hadi kwenye mashine, akarudi tena, akakuna kichwa. "Mzee, stima haipiti humu ndani. Inapita kando."

*

Branice ndiye aliyetumwa kuja kuwapa pole. Alikuja na mkate, majani ya chai na macho mekundu. Sylus alimsubiri uani akiwa amevaa koti.

"Kifaa chenu kimeshindwa kazi," alimwambia kabla hajakaa.

"Hakijashindwa, baba."

"Kimeshindwaje kutoshindwa na mota imeungua?"

Branice alimtazama Everlyne, si Sylus. "Mama, vya Nyumba A na B vinapandisha volteji. Chenu hakipandishi. Chenu kinapima tu. Kwenye utafiti lazima kuwe na nyumba moja isiyosaidiwa, ili zile zilizosaidiwa zilinganishwe nayo. Iliandikwa kwenye fomu. Ukurasa wa saba."

"Na taa ya kijani?" Everlyne aliuliza.

"Iliwekwa ili muone viko sawa. Mngejua, mngebadilisha tabia."

Kilikuwa kitu cha kutukanisha, lakini Everlyne hakutukana. Alimwaza Sylus na kitambaa chake kila asubuhi, akamwonea huruma, na huruma ile ilimkasirisha kuliko tusi. Wao walikuwa wamewekwa ili waharibikiwe, na walikuwa wameshukuru kwa mkate.

Habari haikawii mlimani. Donald wa Nyumba A alipita kwa makusudi Jumapili baada ya ibada, akasimama mahali watu wengi wangemsikia. "Ajabu," alisema. "Mimi friji yangu haijawahi kulala hata siku moja. Labda nyinyi mlikuwa mnakitumia vibaya." Sylus, mzee wa kamati saba, alijifanya anafunga kamba za viatu visivyo na kamba.

Wateja walihamia mashine ya mjini. Everlyne mwenyewe alishuka Voi na debe lake kwa pikipiki, akapanga foleni kwa mtu mwingine, na msichana wa pale akamwambia, bila ubaya, "Si wewe pia ulikuwa na mashine?" Shule ya Priscilla iliandika barua, kisha ya pili, na hiyo ya pili haikuanza na salamu.

Ndipo Daktari Muinde alipopiga simu. Aliongea na Sylus, si na mwenye mashine.

"Mzee wangu, nimeumia sana. Sana! Lakini kuna awamu ya pili inakuja, na mota mpya naweza kuiingiza kwenye bajeti. Sasa, kuna kikwazo kidogo. Wale wa jarida kule Ulaya hawachapishi mpaka kila mshiriki athibitishe kwamba hakupata hasara. Ni utaratibu tu. Mama akiweka sahihi, makala inatoka. Makala ikitoka, awamu ya pili inakuja. Awamu ya pili ikija, mota hiyo."

Sylus aliirudia hesabu hiyo mezani jioni, akipanga vijiko vitatu kuonyesha.

"Yaani niseme sikupata hasara, ndipo nilipwe hasara," Everlyne alisema.

"Ni utaratibu tu."

"Na nikikataa?"

"Ukikataa, utakuwa na haki yako, mama, na Priscilla atakuwa na wewe hapa nyumbani, mtakula hiyo haki pamoja."

Everlyne alilifikiria hilo siku tatu. Jumatano alisema atasaini. Aibu ya kusaini aliiona ndogo kuliko aibu ya kwenda kumtoa mtoto bwenini, na asiyewahi kulipima jambo kama hilo asimcheke.

*

Matokeo ya utafiti yalitangazwa katika hoteli moja ya Voi yenye mapazia mazito na sufuria za chakula zenye vifuniko vya kung'aa, zilizopangwa ukutani tangu saa nne asubuhi ili watu wavumilie. Kulikuwa na wakubwa wa chuo, maofisa wa hapa na pale, na wafadhili wawili kutoka ng'ambo waliochoka na joto. Kila mtu alivalishwa kadi ya jina shingoni. Ya Donald iliandikwa Mwalimu Donald. Ya Everlyne iliandikwa Mtumiaji C.

"Jina langu limeenda wapi?" alimuuliza Branice, aliyekuwa mezani mlangoni akiandikisha watu.

"Ni kwa ajili ya siri yako, mama. Kulinda faragha." Branice aliona haya kusema hivyo kwa mwanamke ambaye Sagalla nzima ilijua kwamba ndiye Nyumba C. Akamsogezea fomu. Penye neno hasara, kompyuta ilikuwa imeshajaza: Hakuna. Everlyne alitia sahihi, Branice akaiweka kwenye faili, na Sylus, ndani ya fulana ya mradi iliyombana tumbo, akashusha pumzi kama aliyetua mzigo. Programu ilionyesha kwamba kabla ya chakula, Mtumiaji C angetoa neno la shukrani kwa niaba ya jamii.

Daktari Muinde alihutubia kwa saa nzima. Everlyne alikuwa na Kiingereza cha kidato cha nne, na kwa hicho alifuata vizuri kiasi. Nyumba A ilikuja na kupita, Nyumba B ikaja na kupita, mistari yao imenyooka kama uzi wa fundi mwashi. Kisha ukutani ikatokea ile Jumamosi. Mstari wa buluu, wa volteji, ulishuka pole pole: mia mbili, mia moja themanini, mia moja arobaini na nane. Mstari mwekundu, wa stima ambayo mota ilikuwa inaivuta, ulipanda nao kinyume, ukapanda, ukapanda, halafu ukakatika wima.

"Hapa," alisema Daktari, "mota ya Nyumba C inakufa. Sijui mtu mwingine aliyewahi kulinasa tukio kama hili kwa usafi namna hii."

Watu walipiga makofi. Sylus naye alianza kupiga, kisha mikono yake ikakumbuka ni mota ya nani.

Mfadhili mmoja, mama mwenye miwani, aliinua mkono. Data hii, aliuliza, mliipata lini? Baadaye, mlipokifungua kifaa?

Daktari alitabasamu. Ndilo swali alilokuwa akiliombea. "Hapana, papo hapo. Kila dakika moja, kwenye simu yangu. Siku hiyo nilikuwa mjini Wote kwenye ubatizo wa mpwa wangu, na niwaambie, hata keki sikula. Nilikuwa nimekodolea macho simu. Msaidizi wangu alinipigia mara tatu, anauliza, ampigie mwenye mashine azime? Nikamwambia, usiguse kitu! Tukio kama hili unaweza kulisubiri miaka."

Ukumbi ulicheka, kicheko cha watu walio karibu kula. Branice hakucheka. Alikuwa ameinamisha kichwa juu ya faili zake mpaka uso hauonekani.

Everlyne alikaa. Mota iliyoungua aliweza kuibeba. Fomu ya uongo aliweza kuibeba pia, alikuwa ameshaibeba. Lakini dakika zile ishirini na tano zilimrudia moja moja, mkono wake ukitamani swichi, na huku mtu akiwa na kisahani cha keki anamtazama, anajua, ana nambari yake ya simu.

"Na sasa," alisema mwendesha programu, "Mtumiaji C, karibu utoe shukrani."

Alisimama. Badala ya kwenda kwenye kipaza sauti alikwenda mezani kwa Branice. "Nipe fomu yangu, binti."

Shahada ya Branice ilikuwa ndani ya faili ile, miaka mitatu ya maisha yake na deni la nyumbani kwao. Aliitoa fomu akampa, pamoja na kalamu.

Everlyne alikata neno Hakuna kwa mstari mmoja. Akaandika polepole, kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa: MOTA IMEUNGUA. WALIKUWA WANAONA. Akageuka akamkabidhi Daktari Muinde, ambaye alikuwa ameshuka jukwaani haraka kuliko alivyopanda.

"Mama," Daktari alinong'ona huku anawatabasamia wafadhili, "hii sasa haiwezi kutumika. Utafiti wote unaanguka. Na ile awamu ya pili..."

"Najua."

"Na mota?"

"Najua, Daktari. Nimesikia vizuri."

Daktari akamgeukia mume, kama alivyozoea. "Mzee Sylus. Ongea na mama."

Ukumbi mzima ulimtazama Sylus. Hakuwa amewahi kutazamwa na watu wengi hivyo, na maisha yake yote alikuwa amelitamani jambo hilo. Alisimama, akaivuta fulana ishuke kufunika tumbo.

"Daktari," alisema, "mimi nikiona ng'ombe wako anazama kwenye matope, nitakupigia kelele. Hata kama hatusalimiani."

Hakuwa na zaidi. Alimshika mkewe kiwiko, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele za watu, wakapita katikati ya viti, wakazipita sufuria za vifuniko vya kung'aa ambazo mfanyakazi alikuwa ameanza kuzifunua, wakatoka kwenye jua la saa saba bila kula. Nyuma yao mama mwenye miwani alikuwa anauliza, kwa sauti isiyocheka tena, ile karatasi inasema nini, na hakuna mtu katika ukumbi ule wa wasomi aliyejitolea kumtafsiria, mpaka Branice alipoinuka.